Ninachosoma huku: hesabu za mambo yasiyo na nusu

  Sisi huku Luton tuzima, baridi imeanza kung'ata, na mimi nipo nipo tu: kazi usiku, shule jioni, usingizi unapopatikana.

Leo nimekaa kujibu swali la Baba Mdogo. Kila tukiongea kwenye simu ananiuliza, "Hivi mwanangu, hiyo takwimu unayosoma ni kitu gani hasa? Si kuhesabu tu?" Na Shangazi kaniambia waliochanga wanataka kujua hela yao imenunua nini. Swali la haki kabisa. Mali bila daftari huisha bila habari, na ada ya muhula wa kwanza mlinichangia mbele za watu, pale barazani kwa marehemu Babu. Kwa hiyo leo natoa hesabu. Someni taratibu na kahawa pembeni, maana si fupi.

Wengi mnajua huku tulianza kwa kubeba boksi. Maboksi nimeyaacha. Siku hizi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na jioni mbili kwa wiki napanda treni kwenda London kwenye chuo cha masomo ya jioni. Muhula huu somo kubwa ni moja, na jina lake ni refu kuliko treni yenyewe. Kwa Kiswahili changu nitaliita modeli za mstari zilizopanuliwa. Msiogope jina. Shughuli yake naweza kuieleza kwa mambo ya kazini kwangu na ya nyumbani Muheza, na nitaieleza.

Tuanze na kengele. Ukipima urefu wa watu wazima wengi wa kijiji kimoja, ukawapanga, utaona wengi wako katikati, wachache wafupi sana, wachache warefu sana. Ukichora unapata umbo la kengele. Ndiyo inaitwa mgawanyo wa kawaida. Wajerumani waliuheshimu mchoro huo kiasi cha kuuweka kwenye noti yao ya marki 10, pamoja na sura ya mwanahesabu wao Gauss, kabla hawajahamia kwenye yuro. Hesabu nyingi za takwimu tunazofundishwa mwanzoni zimejengwa juu ya kengele hiyo. Unachora mstari ulionyooka: mbolea ikiongezeka kilo moja, mahindi yanaongezeka debe kadhaa. Kinachobaki juu na chini ya mstari unakichukulia kuwa ni kengele. Kazi imekwisha.

Sasa, neno "kawaida" hapo linadanganya. Mambo mengi ya dunia hayana umbo la kengele hata kidogo. Mzee ameanguka mara ngapi mwezi huu? Sifuri, moja, mbili. Hakuna mtu anayeanguka mara moja na nusu, wala hakuna anayeanguka mara kasoro mbili. Mtoto kapona au hakupona? Ni ndiyo au hapana, hakuna katikati. Mgonjwa kasubiri muda gani? Wengi muda mfupi, wachache mpaka unawasahau. Ukiyalazimisha mambo haya kwenye mstari ulionyooka, mstari utakuambia bila aibu kwamba mwezi ujao wazee wataanguka mara hasi tatu, au kwamba uwezekano wa mgonjwa kupona ni asilimia 112. Mwalimu wetu, mama mmoja mcheshi sana, alituchorea mstari wa namna hiyo ubaoni, akaufuata kwa kidole mpaka ukatoka nje ya ubao, akauliza, "Huyu anaelekea wapi?"

Wana Muheza, nyinyi jambo hili mnalijua kuliko wanafunzi wenzangu wote. Mnawakumbuka wale watafiti wa mbu waliokuwa wakija vijijini? Jioni wanatundika mtego wa taa karibu na kitanda chenye chandarua, asubuhi wanakuja kuchukua kifuko na kuhesabu mbu mmoja mmoja. Nyumba hii hakuna mbu hata mmoja. Nyumba ya pili, watatu. Nyumba ile ya bondeni karibu na mpunga, mamia. Sasa chukua wastani wa kijiji kizima utuambie unamhusu nani. Haumhusu mtu yeyote. Kule nyuma darasani, walipokuwa wanauliza mfano wa data zisizo na umbo la kengele, mimi nilikuwa na kijiji kizima kichwani.

Wa kwanza kukamata hesabu za mambo machache machache namna hii anakumbukwa kwa jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeandika kuhusu jambo hilo mwaka 1837. Kwa Kifaransa poisson ni samaki, kwa hiyo mimi namwita Mzee Samaki, na watu wa pwani mtanielewa. Lakini aliyezipa hesabu zile umaarufu ni mtu aliyehesabu mateke ya farasi. Msicheke. Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha kitabu mwaka 1898, na ndani yake mna hesabu za askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa kupigwa teke na farasi. Vikosi 10, miaka 20, jumla rekodi 200 za kikosi kwa mwaka. Kati ya hizo, 109 hazikuwa na kifo hata kimoja. 65 zilikuwa na kifo kimoja, 22 vifo viwili, 3 vifo vitatu, na 1 ilikuwa na vifo vinne. Jumla vifo 122, wastani 0.61.

Ukiipa kanuni ya Mzee Samaki namba hiyo moja tu, 0.61, bila kuiambia kitu kingine, inakutabiria kwamba rekodi zisizo na kifo zitakuwa karibu 109, za kifo kimoja karibu 66, za vifo viwili karibu 20. Tazama na namba za kweli hapo juu. Maana yake nini? Kwamba kile kikosi kilichopata vifo vinne mwaka mmoja si lazima kilikuwa na farasi wakorofi au mkuu mzembe. Bahati peke yake, ukiipa miaka 20 na vikosi 10, inaleta mwaka mbaya mahali fulani. Shikeni hapo, maana nitarudi hapo nikifika kazini kwangu.

Baada ya Bortkiewicz watu waliendelea kutengeneza dawa tofauti kwa kila ugonjwa. Wa kuhesabu wana hesabu zao. Wa ndiyo na hapana wana zao: mwaka 1934 Chester Bliss alitoa njia ya kupima dawa za kuua wadudu, kwamba dozi hii inaua wangapi kati ya mia. Dozi ndogo hawafi, dozi kubwa wanakufa wote, na katikati mchoro unapanda kama herufi S iliyolazwa, kwa sababu haiwezi kushuka chini ya sifuri wala kuvuka mia. Kila fundi na karakana yake, kila karakana na spana zake.

Halafu mwaka 1972 wakatokea watu wawili, John Nelder na Robert Wedderburn, wakasema: jamani, karakana zote hizi ni moja. Na hapa ndipo treni yangu inapoingia. Nikitoka Luton kwenda London, kabla ya kufika St Albans treni inapita mji mdogo unaitwa Harpenden. Ukiwa dirishani huoni la maana, nyumba za matofali na miti. Lakini hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kilichoanza mwaka 1843, na kuna shamba la ngano ambalo wamekuwa wakilipima mbolea tangu mwaka huo mpaka leo. Nelder aliongoza idara ya takwimu pale tangu 1968 hadi 1984, na Wedderburn alikuwa kijana wake kazini. Kwa hiyo Baba Mdogo, ukiwa na jembe lako kule Mkanyageni usidhani hesabu hizi zimetoka kwa mabenki. Zimetoka shambani, kwa watu wa mbolea na ngano.

Walichosema ni hiki, na nitakisema kwa maneno ya kupika. Kila modeli ya namna hii ina vitu vitatu. Cha kwanza, lazima useme jibu lako ni la aina gani: ni la kuhesabu, ni la ndiyo na hapana, ni la kusubiri. Hiyo ni kama kusema unapika wali au ugali, maji yake hayafanani. Cha pili ni ule mstari wetu wa zamani, haukutupwa: zamu ya usiku kiasi hiki, umri kiasi hiki, dawa kiasi hiki, unajumlisha. Cha tatu ni kiungo, kinachoufunga mstari kwenye jibu ili mstari usitoke nje ya ubao.

Kwa mambo ya kuhesabu, kiungo ni logi. Waliosoma sekondari zamani wanazikumbuka logi na vile vitabu vya majedwali, unatafuta namba kwa kidole huku mwalimu anapita na fimbo. Sasa ndiyo naona raha yake. Logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Kwa hiyo mstari unajumlisha huko ndani kwa amani, ukirudi nje umekuwa kuzidisha, na kuzidisha namba chanya hakuwezi kukupa hasi. Modeli haikuambii usiku unaongeza matukio mangapi. Inakuambia usiku unazidisha mara ngapi. Kwa ndiyo na hapana kiungo kinaitwa logiti, jina alilolitoa Joseph Berkson mwaka 1944, nacho kinaupinda mstari uwe ile S, usishuke chini ya sifuri wala kuvuka mia.

Uzuri wa wale wawili ni kwamba walionyesha njia moja ya kukokotoa inayofaa kwa zote: unakisia, unaona kila data ina uzito gani, unakisia tena vizuri zaidi, mpaka jibu linatulia. Njia moja maana yake programu moja. Ya kwanza ilitoka mwaka 1974, iliitwa GLIM. Siku hizi tunatumia R, programu ya bure iliyoanzishwa na walimu wawili wa Auckland, New Zealand, na amri yenyewe ina herufi tatu tu: glm. Vijana wa nyumbani mnaosoma hapo Tanga, sikieni: ni ya bure. Kompyuta ya mtumba inatosha.

Kuna mfano mmoja wa ndiyo na hapana ambao darasa zima lilinyamaza. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka muda mfupi baada ya kuruka, wakafa watu saba. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi walibishana kwenye simu kwa sababu baridi ilikuwa kali, na walihofu mipira ya kuziba maungio ya roketi. Walitazama safari zilizopata dosari kwenye mipira hiyo na halijoto za siku hizo, na dosari zilionekana kwenye baridi na kwenye joto pia. Lakini safari zisizo na dosari hazikuwekwa mezani. Zilikuwepo safari 23 zilizotangulia ambazo roketi zake ziliokotwa na kukaguliwa. 7 zilikuwa na dosari. Ukiziweka zote pamoja, unaona safari 4 zilizoruka chini ya nyuzi 18 za sentigredi zote zilikuwa na dosari, na zile 19 zilizoruka kwenye joto zaidi ya hapo ni 3 tu zilizokuwa nayo. Asubuhi ile ilikuwa karibu na nyuzi sifuri. Mwaka 1989 wanatakwimu walichapisha hesabu hizo kwa modeli ya logiti, na hatari ikaonekana wazi. Somo nililoondoka nalo: sifuri nayo ni data. Aliyesalimika lazima ahesabiwe pamoja na aliyeumia, la sivyo hujui kitu.

Haya, sasa kazini kwangu, kwa sababu hapa ndipo hela yenu ilipofanya kazi.

Kazini tuna zamu tatu. Ya asubuhi, saa mbili mpaka saa nane mchana. Ya mchana, saa nane mpaka saa mbili usiku. Na yetu ya usiku, saa mbili mpaka saa mbili asubuhi. Kila mzee akianguka inajazwa fomu: saa ngapi, wapi, nani alikuwa zamu. Sheria nzuri. Siku moja tumeingia kazini tukakuta karatasi imebandikwa kwenye chumba cha wafanyakazi, hesabu ya miezi mitatu. Namba za kweli si zangu kuzitoa, kwa hiyo nimezibadilisha, ila umbo lake ni hili: asubuhi 18, mchana 22, usiku 32. Chini yake orodha ya majina na matukio ya kila mtu, na jina la juu kabisa likiwa na matukio 12.

Jina hilo ni la dada mmoja kutoka Mombasa, tunafanya naye usiku. Mchapakazi, mzee akikohoa tu yeye kashafika mlangoni. Kibali chake cha kuishi hapa kimefungwa kwa mwajiri huyu huyu. Huku mtu wa namna hiyo akiachishwa kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 tu kutafuta mwajiri mwingine mwenye leseni, au afunge virago. Ana watoto wawili shuleni. Alisoma karatasi akakaa kimya, kisha akaniambia, "Kaka, ile karatasi yanisema mimi." Na kweli, keshoyake meneja alimwita, akamwambia kuna barua ya onyo inaandaliwa.

Nilimwambia, "Dada, usitie sahihi kitu. Nipe siku mbili."

Sasa tazameni zile namba kwa macho ya Mzee Samaki. Zamu ya asubuhi ni saa 6. Ya mchana saa 6. Ya usiku saa 12. Yaani unamlinganisha mvuvi aliyetega nyavu usiku kucha na aliyetega mpaka adhuhuri, halafu unashangaa wa kwanza ana samaki wengi. Kwa siku 90, mchana wote mzima, asubuhi na mchana pamoja, ni saa 1080 na matukio 40. Usiku ni saa 1080 hizo hizo na matukio 32. Kwenye modeli jambo hili lina mahali pake rasmi. Saa za kazi unaziingiza kama kitu ambacho athari yake huikadirii, unaijua tayari: ukikaa muda maradufu, utegemee matukio maradufu. Kisha ndipo unauliza, mbali na muda, usiku unazidisha kwa ngapi? Jibu: 0.8. Umepungua, haukuzidi.

Lakini mwalimu wetu ametufundisha tusikimbie na namba moja kama kuku aliyeokota mnyoo. Namba 32 na 40 ni ndogo, bahati inaweza kuzichezea. Modeli inakupa pia ukingo wa chini na wa juu: kutoka 0.50 hadi 1.27. Na hata hapo kuna tatizo. Kanuni ya Mzee Samaki inadhani kila tukio linajitegemea, na kwamba mtawanyiko ni sawa na wastani. Kwetu kuna mzee mmoja, Mungu ampe nguvu, ambaye peke yake ameanguka mara nyingi mno, maana akili inamwambia awahi treni ambayo haipo. Mtu mmoja kama huyo anafanya data itawanyike kuliko kanuni inavyotaka, kama ile nyumba ya bondeni yenye mbu mamia. Dawa yake aliitoa Wedderburn, mwaka 1974: unapima data zimetawanyika mara ngapi zaidi, kisha unapanua ukingo kulingana na kiasi hicho. Tuseme zimetawanyika mara mbili. Ukingo unakuwa 0.41 hadi 1.54. Kwa Kiswahili cha mtaani: kwa namba hizi hakuna mtu mwenye haki ya kusema zamu ya usiku ni mbaya zaidi.

Na yale matukio 12 ya Dada? Yeye alifanya usiku 36 kati ya 90, hakuna aliyefanya nyingi kumzidi, maana anatafuta ada ya watoto. 12 kwa 36 ni 0.33 kwa usiku. Usiku 54 ambao hakuwepo ulikuwa na matukio 20, yaani 0.37. Alikuwa juu ya orodha kwa sababu moja tu, kwamba alikuwepo.

Niliandika ukurasa mmoja, namba chache, mchoro mmoja, bila herufi za Kigiriki. Tukaenda naye kwa meneja. Na meneja, niseme ukweli, si mjinga. Alisoma akauliza swali zuri: "Lakini usiku wazee wamelala. Saa ya usiku si sawa na saa ya mchana." Nikamwambia ni kweli kabisa, na kipimo bora kingekuwa saa ambazo wazee wako nje ya kitanda. Hizo hakuna aliyeziandika. Pia usiku tuko wawili na mchana wako sita. Kwa hiyo mimi sidai kwamba usiku ni salama zaidi. Nasema karatasi ile haina nguvu ya kumhukumu mtu, na barua ya onyo ni hukumu. Akakaa kimya kidogo. Akauliza kama anaweza kubaki na ukurasa ule.

Barua haikuandikwa. Orodha ya majina ilibanduliwa, na sasa karatasi mpya ina saa pembeni ya matukio. Yule mzee wa treni amewekewa mkeka wenye kengele pembeni ya kitanda, akishusha mguu tunasikia. Mtu wa tatu wa usiku tuliyeomba hajaja, na sijui kama atakuja, hilo ni suala la pesa na logi haisaidii. Dada alinipikia mahamri na mbaazi, akasema, "Wallahi hesabu zako nyingi, lakini zimenilaza usingizi." Huo ndio mshahara wangu.

Sasa rudini nyumbani na jambo hili. Mara ngapi tumesikia kwenye mkutano kwamba kata fulani inaongoza kwa malaria, mganga wao mzembe? Wamegawanya kwa idadi ya watu? Wamehesabu kwamba zahanati ile ndiyo yenye vipimo, kwa hiyo ndiyo inayoona wagonjwa? Mwalimu fulani darasa lake limefeli wanafunzi 30: kati ya wangapi? Dereva fulani kapata ajali mbili: kwa kilomita ngapi? Mtu anayefanya kazi nyingi ndiye jina lake litakaloandikwa mara nyingi, kwa mema na kwa mabaya. Kabla ya kumnyooshea kidole, uliza alikuwepo muda gani, na uliza wale wa sifuri wako wapi. Kuuliza si ujinga.

Wedderburn mwenyewe hakupata kuona haya yote. Alifariki mwaka 1975, ana miaka 28 tu, kwa mzio wa ghafla baada ya kuumwa na mdudu akiwa likizoni. Miaka 28, ndugu zangu. Nelder aliishi mpaka 2010. Nikipita Harpenden huwa namfikiria yule kijana, ambaye sijui kama alisikia hata jina la Muheza, na hesabu yake imembakisha mama wa Mombasa kazini.

Basi Baba Mdogo, hicho ndicho ninachosoma. Kuhesabu, ndiyo, lakini kuhesabu kwa haki. Ada ya muhula wa pili nalipa mwenyewe, msichange tena, badala yake mumalizie bati la jikoni kwa Mama kabla ya vuli. Mtihani ni mwezi wa tano, niombeeni. Na kijana yeyote wa nyumbani mwenye kompyuta na hamu, aniandikie, nitamwonyesha zile herufi tatu zinavyofanya kazi.

Wasalimieni wote, na watoto wote. Tutaonana Mungu akipenda.